Imechovywa Tu



Kuna maneno mawili tuliyoyasikia mbele ya mizani ya sonara mmoja hapa Maskati, na mpaka leo yanatukaa kooni. Maneno yenyewe ni haya: "Imechovywa tu."

Ilikuwa baada ya arubaini ya mama yetu. Tulikuwa tukigawana vitu vya nyumba, kama kila familia inavyofanya, na ndani ya kabati tukakuta furushi la kanga. Ndani yake mlikuwa na mrashi wa fedha, chetezo na sinia ndogo ya kahawa. Vitu hivi vilitoka Unguja pamoja na bibi yetu, vikapita mikono mingi na bandari nyingi mpaka vikafika Ruwi. Mrashi ndio uliokuwa mzuri kuliko vyote. Mwili wake ulikuwa fedha tupu, lakini maua yaliyonakshiwa juu yake yalikuwa ya rangi ya dhahabu. Tumbo lake lilikuwa limebonyea upande mmoja, na hapo bibi alikuwa akiushika kidole gumba chake anapowarashia wageni marashi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyetaka kwenda nao kwake. Kabati za siku hizi zimejaa, na marashi yanakuja na chupa zake.

Basi tukaupeleka kwa sonara. Akausugua kwenye jiwe, akatazama, akatikisa kichwa. "Imechovywa tu. Dhahabu hamna hapa. Nitakulipeni fedha kwa uzito wake." Tukakubali. Kazi yote haikuchukua zaidi ya dakika ishirini. Mmoja wetu akauliza, kwa kuuliza tu, utafanywa nini. Akajibu kuwa utayeyushwa. Sonara hatumlaumu hata kidogo. Alitwambia ukweli wa biashara yake na bei yake ilikuwa ya haki. Tunaojilaumu ni sisi wenyewe, maana chini ya mrashi ule mlikuwa na herufi ndogo zilizogongwa kwa chuma, na katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuugeuza akazisoma.

Na hili linatia aibu zaidi kwa watu wa kazi yetu. Tulipokuwa wanafunzi wa uhandisi Uingereza, jambo la kwanza tulilofundishwa mbele ya mashine yoyote lilikuwa kutafuta kile kibati chake cha maandishi: nani kaitengeneza, lini, uzito gani, nguvu gani. Kabla hujagusa skrubu, soma kibati. Tumefanya kazi hiyo maisha yetu yote. Pampu ya mafuta tunaisomea kibati, na mrashi wa bibi yetu tukauuza bila ya kuusoma.

Tunayaandika haya kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Kila mwaka vyombo vya fedha kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu vinatoka kwenye nyumba zetu kwenda kwenye moto, na kila mara hukumu ni hiyo hiyo: imechovywa tu. Sasa hebu tuizungumze hukumu hiyo, na tuanzie mbali kidogo, China, kwa watu ambao katika zama za kati walikifanya kitu hichi kwa ustadi ambao mpaka leo unawashangaza mafundi.

Nasaba ya Tang ilitawala China tangu mwaka 618 mpaka 907. Kabla ya hapo Wachina walikuwa mabingwa wa shaba nyeusi na mawe ya yashi, na vyombo vya fedha havikuwa na nafasi kubwa kwao. Waliowafungulia mlango walikuwa wageni: Waajemi wa enzi ya Sasani, na Wasogdi, wafanyabiashara wa Samarkand na Bukhara. Mafundi wa mji mkuu wa Chang'an, ambao leo ni Xi'an, wakajifunza, wakachanganya na yao, na haukupita muda mrefu wakawapita walimu wao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bamba la fedha hupigwa kwa nyundo mpaka likaanza kukakamaa, likapashwa moto lilainike, likapigwa tena, na tena, mpaka likawa bakuli au kikasha. Kisha chombo hujazwa lami ili kiwe na kitu cha kukishika kwa ndani, na fundi huchora maua, ndege na wanyama kwa patasi ndogo zisizo na makali, akiisukuma fedha bila ya kuikata. Nafasi iliyobaki baina ya maua huijaza vijiduara kwa chuma chenye ncha ya bomba, kimoja baada ya kimoja, mamia kwa maelfu, vikishikana mfano wa mayai ya samaki. Na ndivyo Wachina wanavyoiita nakshi hiyo. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kuwa vijiduara havipandani. Mkono uliofanya kazi hiyo haukutetemeka.

Halafu ndiyo inakuja dhahabu. Dhahabu iliyosagwa huyeyushwa ndani ya zebaki mpaka ikawa laini kama siagi. Fundi huipaka juu ya maua peke yake, ile sehemu nyengine akaiacha nyeupe. Kisha chombo hutiwa kwenye moto. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 za selsiasi, inatoka kwa mvuke na kuiacha dhahabu imeng'ang'ania fedha, kisha fundi huisugua kwa jiwe laini mpaka ikang'aa. Msichanganye kazi hii na ile ya umeme iliyoanza Birmingham katika mwaka 1840, ambayo mfanyakazi huning'iniza vijiko mia ndani ya pipa la dawa akaenda kunywa chai. Hapa kila ua limepakwa kwa mkono, na mvuke wa zebaki ni sumu. Fundi wa kazi hii alikuwa akiivuta sumu hiyo kila siku ya kazi yake. Anayesema "imechovywa tu" ajue kuwa hilo neno "tu" lilikula mapafu na akili ya mtu.

Sasa tufike pale tulipopataka. Katika mwezi wa Aprili 1987, mafundi waliokuwa wakitengeneza upya mnara wa hekalu la Famen, magharibi ya Xi'an, uliokuwa umeanguka nusu yake mwaka 1981, walikuta chumba chini ya ardhi kilichofungwa tangu mwaka 874. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya dhahabu na fedha 121, vingi vikiwa zawadi za wafalme. Na vyengi vya vyombo hivyo vina maandishi.

Mlikuwa na kisagio cha chai, cha fedha yenye maua ya dhahabu. Chini yake kimeandikwa kuwa kilitengenezwa katika karakana ya kifalme iitwayo Wensiyuan, mwaka ambao kwa hesabu yetu ni 869, na kwamba uzito wake ni liang 29. Liang moja ya zama hizo ilikuwa kama gramu 41, basi hiyo ni kilo 1.2 hivi. Kisha yanafuata majina ya watu: kwanza fundi, Shao Yuan, na baada yake maofisa waliomsimamia. Wasomaji, hichi ni kibati cha mashine! Mtengenezaji, mwaka, uzito, mkaguzi. Hakikosi kitu.

Na mlikuwa na fimbo ya kitawa yenye pete kumi na mbili, ya mwaka 873. Maandishi yake yanasema kuwa uzito wote ni liang 60, ndani yake dhahabu ni liang 2 na fedha ni liang 58. Rudieni kuisoma hesabu hiyo. Sehemu moja katika thelathini ndiyo dhahabu, na mfalme wa China, aliyekuwa na uwezo wa kutengeneza fimbo ya dhahabu tupu kama angependa, hakuona haya kuandika hivyo juu ya zawadi ya ibada. Hakusema imechovywa tu. Alisema: dhahabu mbili, fedha hamsini na nane, na fundi ni huyu hapa. Fundi mwenyewe jina lake la ukoo ni An, na katika China ya zama hizo An lilikuwa jina lililochukuliwa na watu wenye asili ya Bukhara. Yaani mtoto wa wageni, kama tulivyo wengi wetu sisi, na jina lake limo kwenye zawadi ya mfalme kwa miaka zaidi ya 1,100.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu na nafsi zetu. Thamani ya chombo kama hichi haikuwa katika wingi wa dhahabu, na waliokitengeneza walilijua hilo. Thamani ilikuwa katika kazi, na kazi ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Sisi tumebakiza mizani, tumeyatupa majina.

Tunajua watakaotujibu. Wako watakaosema kuwa sisi watu wa Oman na wa mwambao tuna fakhari yetu wenyewe, tusiende kuazima ya Wachina. Na mara moja watatutajia ile jahazi ya Belitung. Basi na tuizungumze, maana hata hiyo inatushitaki.

Kwa wasioijua khabari yake: katika mwaka 1998 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta majongoo ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta chombo kilichozama tangu karne ya 9. Bakuli moja ndani yake lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Mlikuwa na vyombo vya udongo vinavyokaribia 60,000, vingi kutoka Changsha, na pia mlikuwa na hazina: kikombe cha dhahabu chenye pande nane na wanamuziki waliochomoza ubavuni mwake, vikasha na chupa ya fedha iliyotiwa dhahabu, na mikuo 18 ya fedha. Na chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja, kwa namna ya upande wetu wa Bahari ya Hindi, na miongoni mwa mbao hizo kuna za mti wa Afrika. Bibi zetu wa Lamu wangekiangalia wakasema: huu ni jamaa yake mtepe.

Fakhari hiyo ni ya haki na sisi tunayo. Tulipopata safari ya kikazi kwenda Singapore tulikwenda kuitazama shehena hiyo kwenye jumba la makumbusho ya ustaarabu wa Asia, ambako imewekwa tangu mwaka 2015, na tulisimama mbele ya vikasha vile vya fedha na maua ya dhahabu mpaka mlinzi akaanza kututazama sisi. Tulikumbuka kuwa vigae vya Changsha vimechimbuliwa pia Unguja Ukuu, na Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu. Tulikumbuka Abu Ubayda Abdullah bin al-Qasim, mfanyabiashara wa Kiibadhi kutoka Oman, aliyekwenda China kununua udi katika karne ya 8. Na nani kati yetu asiyeijua ile jahazi ya Sohar iliyosimama kwenye mzunguko wa barabara karibu na Al Bustan? Ilishonwa Sur, ikaondoka Maskati mwezi wa Novemba 1980, ikafika Guangzhou mwezi wa Julai 1981. Watoto wetu wanaipita kila wakienda pwani.

Lakini sasa tuulizane bila ya kuoneana haya. Nahodha wa jahazi ya Belitung aliitwa nani? Aliyeshona mbao zake ni nani? Aliyekata mti Afrika, aliyesokota kamba, sarahangi, mpishi? Hakuna jina hata moja lililobaki. Miaka arubaini na kitu baadaye, katika karne ile ile, Shao Yuan anagonga jina lake chini ya kisagio cha chai, na leo mhandisi wa Maskati anamtaja. Wale waliovuka nusu ya dunia kwenye mbao zilizoshonwa hawana wa kuwataja. Bahari imekula mengi, hilo tunakubali. Lakini je, yale ambayo bahari haikuyala, tumeyaandika? Wazee wetu wana msemo: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tumefanya zaidi ya hapo. Tumesahau baharia na nahodha wote wawili, tukabaki kujisifu kwa jahazi.

Hata katika zama zetu hizi, mwaka 2008 mpaka 2009, ilipojengwa pale Qantab ile Jewel of Muscat kwa mfano wa chombo cha Belitung, mafundi Waomani na Wahindi walikaa kitako wakatoboa makumi elfu ya matundu na kushona ubao kwa ubao. Iliondoka hapa tarehe 16 Februari 2010 na ikafika Singapore tarehe 3 Julai, zawadi ya nchi kwa nchi. Sote tulishangiria. Basi nendeni kwenye baraza yoyote muulize watu wakutajieni mshonaji mmoja tu wa jahazi ile. Mtatajiwa jina la jahazi, mtatajiwa Singapore, na baada ya hapo watu watatazama vikombe vyao vya kahawa.

Wako watakaotujibu kwa njia nyengine, na hawa wana hoja nzito zaidi. Watasema kuwa Wachina wale hawakuandika majina kwa kumheshimu fundi. Waliandika ili uzito ukipungua wajue wa kumkamata. Ni kweli. Sisi wahandisi tunajua vizuri kwa nini karatasi inatiwa saini: siku daraja likianguka, iko shingo ya kushikwa. Katika hazina iliyochimbuliwa Hejiacun, Xi'an, mwaka 1970, iliyokuwa na vyombo vya dhahabu na fedha zaidi ya 200, vyombo vingi vimeandikwa uzito wake kwa wino, na bila ya shaka aliyeandika alikuwa karani anayeogopa wizi kuliko mtu anayependa nakshi. Lakini tazameni matokeo yake. Karani aliyekuwa akihifadhi mali ya bwana wake amehifadhi asichokikusudia. Sisi tunaodai kuwa tunawapenda wazee wetu, tunashindwa kufanya kwa mapenzi alichokifanya karani kwa woga?

Na wako watakaosema: maneno haya ni ya mtu aliyeshiba. Nyinyi mlikuwa na mrashi wa kuuza kwa sababu ya nafasi tu, wenzenu waliuza kwa sababu ya njaa. Hapa tunainamisha kichwa. Tunazijua familia ambazo baada ya 1964 ziliuza bangili, mikufu na vyetezo mmoja baada ya mmoja, Dar es Salaam, Mombasa, Cairo, Dubai, ili watoto wale na wasome. Vyombo hivyo vilifanya kazi kubwa kuliko yoyote iliyokusudiwa na fundi wake, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu mama aliyeuza. Kuna wasomaji wa jarida hili waliosomeshwa na chetezo. Lakini njaa ile imekwisha, na sisi bado tunauza. Tulipouza mrashi ule hatukuwa tunahitaji pesa yake. Tulikuwa tunahitaji nafasi ndani ya kabati.

Tuwape jambo jengine la kufikiri. Vyombo vya fedha vya Tang vilivyokuweko zama hizo havina hesabu, na vilivyo vingi viliyeyushwa, maana fedha ni pesa na kila mfalme mpya ana wanajeshi wa kuwalipa. Vilivyotufikia kwa wingi ni vya namna tatu: vilivyozikwa ndani ya mitungi kama vya Hejiacun, vilivyofungiwa chini ya hekalu kama vya Famen, na vilivyozama kama vya Belitung. Yaani vimesalimika vile tu ambavyo wenyewe hawakuweza kuvifikia kuviuza! Vyombo vya bibi zetu vimesalimika kwa njia ngumu kuliko hiyo. Vilikuwa mikononi mwa watu wakati wote, watu walioondoka usiku, waliovuka bahari, waliokaa nyumba za kupanga chumba kimoja, na bado hawakuviuza. Na vije kufa leo, Maskati, ndani ya nyumba zenye viyoyozi?

Basi tufanye nini? Sisi si watu wa maneno matupu, kazi yetu haituruhusu. Tunapendekeza mambo manne, na yote hayagharimu hata riale moja.

La kwanza, kigeuzeni. Kila chombo cha fedha kilichomo nyumbani, kigeuzeni chini juu na mtazame kwa kioo cha kukuzia penye mwanga wa ubavuni. Tazameni chini ya kitako, ndani ya kifuniko, nyuma ya mkono. Mkikuta herufi, namba au alama yoyote, ipigeni picha.

La pili, kipimeni. Mizani ya jikoni inatosha. Andikeni uzito kwa gramu, na kimo na upana kwa sentimita. Vyombo vingi vya Oman na vya mwambao vilifuliwa kutokana na riale za Maria Theresa, ile sarafu ambayo bibi zetu waliihesabia mahari, na kila moja ilikuwa na gramu 28 na fedha asilimia 83. Gawanyeni uzito wa chombo kwa 28. Mkipata namba inayokaribia kuwa kamili, huenda mmeshika mkononi hesabu ya riale alizopewa sonara na bibi yenu.

La tatu, muulizeni mkubwa aliyebaki. Kilitoka mji gani, mtaa gani, kwa sonara gani, kwa harusi ya nani? Alikuwa Mhindi wa Kachi, Mswahili, Mwarabu wa Nizwa, Mngazija? Msingoje arubaini. Sisi tulingoja, na tulipotaka kuuliza, wa kuulizwa hakuweko. Andikeni hata likiwa jina moja, hata likiwa la utani. "Yule sonara kiwete wa nyuma ya soko" ni bora kuliko ukurasa mweupe.

La nne, acheni kuvisugua. Utotoni tulikuwa tukipewa jivu na ndimu tusugue vyombo kabla ya Idi, na tukisifiwa kwa kadiri vinavyong'aa. Laiti tungelijua! Dhahabu iliyopakwa kwa zebaki ina unene wa mikroni chache, na kila Idi tulikuwa tukiondoa kidogo. Maua ya mrashi wetu yalikuwa yamefifia upande mmoja, na sasa tunajua yalikwenda wapi. Futeni kwa kitambaa laini kikavu, basi. Weusi kidogo haumdhuru mtu.

Yote hayo yatiwe kwenye karatasi moja na karatasi ikae pamoja na chombo. Nakala yake ileteni kwetu jaridani. Siku mtakayolazimika kukiuza, kiuzeni pamoja na karatasi yake, na mnunuzi atakayesema imechovywa tu mtakuwa na la kumjibu: dhahabu yake ni hii, fedha yake ni hii, na aliyekitengeneza ni huyu.

Sisi tumebaki na chetezo. Kilikataliwa siku ile ile kwa sababu mguu wake mmoja ni wa shaba, haukufaa kuyeyushwa pamoja na fedha, kikarudi nyumbani ndani ya kanga yake. Wiki iliyopita tulikigeuza kwa mara ya kwanza. Kina uzito wa gramu 412. Chini ya kitako, pembeni kabisa, mna alama ya mwezi mchanga na herufi mbili za Kigujarati, ya pili imelika nusu. Hatujui kuzisoma. Kama yuko msomaji aliyewahi kuiona alama hiyo kwenye chombo cha nyumbani kwao, au aliyemsikia mkubwa wake akimtaja sonara wa alama ya mwezi pale Mji Mkongwe, tunamuomba atuletee khabari. Na kama chombo chenyewe bado anacho, tunamuomba kwanza asikiuze.